Idd Mbili, Nyumba Moja

Mwezi uliopita tulimzika Twaha, mume wa shangazi yangu, pale Mnarani, na siku ya hitima wanawake tulijaa katika chumba cha Shangazi Zuwena mpaka wengine wakakaa kizingitini. Mwenyewe alikuwa juu ya kitanda, amejifunika leso hadi mabegani, akipokea pole kwa kichwa tu. Wajukuu wake wawili, wasichana wa shule, walikuwa wameona jambo: kila mwanamke mzee aliyeingia aligusia siku ya posa ya marehemu, kisha akainama kuficha tabasamu. Wakataka kujua kulitokea nini. Shangazi akanionyesha mimi kwa kidevu. "Muulizeni Salma. Yeye alikuwepo, na mambo ya chakula hayamtoki kichwani." Nikawaeleza kwa ufupi, kama inavyofaa mbele ya msiba, lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani niliona kwamba ufupi ule umeyapunja mambo. Basi hapa nayaeleza kwa urefu wake.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha kwanza, nikikaa kwa Bibi, Malindi, mtaa wa Shela. Kwa nini nilikuwa kwake na si kwa wazazi wangu si habari ya hapa. Inatosha kwamba nilifika na sanduku la bati, nikapewa nusu ya kitanda cha Shangazi Zuwena. Nyumba ilikuwa na ukumbi mrefu mbele, vyumba viwili ubavuni, ua nyuma, na jiko lililoegemea ukuta wa ua kama mtu aliyechoka. Chumba chetu na cha Bibi vilitenganishwa na ukuta ambao haukufika darini. Aliyeujenga, Bibi alisema, aliishiwa na mawe au aliishiwa na hamu. Kwa hiyo tulisikia kila kitu: nyuradi zake, kikohozi chake, na mazungumzo yake na Ami Hafidhi, mwanawe wa mwisho, ambaye alikuwa bado hajaoa, alilala ukumbini, na alitembea na redio yake ndogo kama wengine wanavyotembea na mtoto. Hao ndio waliokuwa watu wa nyumba. Shuleni nilifundishwa hesabu na jiografia, lakini mengi niliyokuja kuyatumia maishani yalinifikia kwa kupita juu ya ukuta ule.

Shangazi alikuwa amerudi kwa mamake miaka mingi nyuma, baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika, na tangu hapo ndiye aliyeiendesha nyumba. Twaha alikuwa fundi wa mafriji, akizunguka kwenye hoteli za Bofa, kule Kilifi, na maduka ya huku na huko. Mkewe alikuwa amefariki bila kumwachia mtoto. Siku moja aliitwa kutengeneza friji la duka la mtaani kwetu, na akiwa amelala chali nyuma ya friji lile alimsikia Shangazi akimgombeza mwenye duka kwa kumuuzia maziwa yaliyoganda. Hakumwona uso, alisikia sauti tu. Akauliza ni binti wa nani. Mwezi wa Shaabani ujumbe ukaja kutoka Mnarani, huko huko Kilifi: mamake, Bi Rukia, angependa kuja kuposa. Bibi akajibu kwamba wageni hawafukuzwi. Ikaafikiwa waje Idd mosi, baada ya adhuhuri. Kila mtu aliridhika na miadi hiyo, na hakuna aliyeuliza Idd mosi ya nani.

Ramadhani ikaingia. Alasiri moja mimi na Shangazi tulikuwa chumbani tukikunja nguo, tukamsikia Bibi ng'ambo ya ukuta akimwambia Ami, "Si kwamba simpendi huyo fundi. Simjui hata nisimpende. Lakini Zuwena akitoka hapa nitabaki na wewe, na wewe ni redio yenye miguu."

"Mama, Kilifi si Uarabuni," Ami akasema.

"Uarabuni angalau mtu huenda na akarudi na zawadi."

Kisha sauti yake ikawa nyingine. "Mimi mzee, Hafidhi. Nikianguka humu uani, nani atanisikia? Wewe utakuwa unasikiliza habari za dunia."

Shangazi aliikunja leso aliyoshika, akaikunjua, akaikunja tena. Nikamuuliza, kwa utundu wa umri ule, kama anamtaka huyo mwanamume. Alinitazama akipima kama naweza kuambiwa. "Nataka nyumba ambayo nikihamisha kiti hakuna atakayekirudisha," akasema. Na kweli, jambo hilo nililiona kila siku: Shangazi akisogeza kiti karibu na dirisha, Bibi akikirudisha ukutani, wala hawakugombana. Leo nina umri unaokaribia ule wa Bibi wa siku zile, nami nina binti anayesogeza viti vyangu, na naelewa kwamba wote wawili walikuwa na haki. Wakati ule nilimwona Bibi kama mkaidi tu.

Jioni ya ishirini na tisa mtaa mzima ulitoka kutafuta mwezi. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa magharibi na hayakuwa na haraka. Tukafuturu, watu wakarudi ndani, na Ami akaweka redio juu ya pipa la maji uani, akaielekeza huku na huku. Baada ya muda likaja tangazo kwamba mwezi umeonekana mbali huko, na wanaoufuata wangesherehekea kesho. Ami akasimama akasema, "Idd mubarak, Mama."

"Nani kauona?" Bibi akauliza.

"Umeonekana, Mama. Wametangaza."

"Mimi nataka mwezi ulioonwa na mtu ninayemjua jina la mamake. Kesho nimefunga. Na wewe Zuwena umefunga. Na huyu mtoto amefunga."

Ami hakubishana, alikuwa mtu mpole. Alikwenda kupiga pasi kanzu yake. Shangazi ndiye aliyeuliza swali lililokuwa likitutia joto sote: na wale watu wa Mnarani, Idd yao ni lini? Alitoka akaenda dukani kupiga simu, ikalia tu upande wa pili. Bibi hakuwa na wasiwasi. "Mwanamke mzee kama Bi Rukia hawezi kula Idd ya redio. Watakuja keshokutwa." Mbuzi wetu alikuwa Mambrui kwa binamu, angechinjwa na kuletwa keshokutwa. Kila kitu kilikuwa cha keshokutwa.

Asubuhi Ami alivaa kanzu mpya, akaenda kuswali Idd na wenzake, akarudi kwenye nyumba isiyo na moto. Hakupewa tambi wala mahamri. Mwishowe akajipenyeza jikoni, akajikaangia yai akiwa amechuchumaa, mgongo kwa mlango. Harufu ikatambaa uani mpaka kwenye mkeka wa Bibi. "Zuwena," Bibi akasema bila kufumbua macho, "kuna mtu anakaanga, au shetani amefunguliwa mapema?" Ami alilimaliza yai lile akiwa amesimama chooni, kama mwizi, siku ya Idd yake. Mimi nilimwonea huruma kwa sababu nilikuwa na siri ya jinsi hiyo hiyo. Mwaka ule ndio mwili wangu ulioanza kunihesabia miezi, na siku tatu hizo sikuwa na saumu, lakini nilikuwa sijamwambia mtu. Niliamka daku na wenzangu, nikakunja uso kwa kiu na wenzangu, kisha nikaingia stoo kula ndizi gizani.

Baada ya adhuhuri Shangazi alikuwa ameketi uani, jirani akimsuka nywele kwa ajili ya kesho. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari mistari, nusu nyingine imesimama wima. Honi ikalia nje. Nilichungulia dirishani nikaona pikapu, na nyuma yake friji kubwa jeupe limefungwa kwa kamba, na ubavuni mwa friji mwanamke kijana amelikumbatia lisimwangukie. Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka mama wa makamo ya Bibi, buibui jipya, udi ukimtangulia. Akafuata mwanamume mrefu mwenye kanzu iliyopigwa pasi hadi ikakata hewa. Nikakimbia uani. "Wamekuja," nikasema. "Na wamevaa Idd."

Shangazi alisimama na kitana kikining'inia nyweleni. Bibi alitazama mbingu kidogo, kama anayemwuliza Mwenyezi Mungu kama hili lilikuwa lazima, kisha akajifunga leso vizuri na kwenda mlangoni. "Idd mubarak, dada yangu," Bi Rukia akasema. "Karibuni, karibuni sana, nyumba yenu," Bibi akajibu. Twaha akamwinamia, "Shikamoo, Mama," na yule aliyelikumbatia friji, dadake, akajitambulisha kwa jina la Mwanahawa. Walikuwa wamebeba halua, tende na sinia la mahamri. Bibi aliwakalisha ukumbini, akaja uani akifuata ukuta, na hapo nikamwona amebadilika. Hakuwa tena mtu asiyeitaka posa hii. Alikuwa mwenye nyumba aliyepata wageni wa Idd na hana hata punje iliyopikwa.

"Hawajui kwamba tumefunga," alinong'ona, "na hawatajua. Mgeni akijua mwenyeji kafunga hatakula, na atarudi kwao akisema alikaribishwa kwa maji. Hafidhi, chinja kuku wote wawili. Zuwena, funga kitambaa kichwani. Pilau."

Ami alichinja kuku kwa furaha ya mtu ambaye Idd yake hatimaye imetambuliwa. Mlango wa pili majirani walikuwa wameanza kuambizana kwamba watu wa Kilifi wameleta friji, na habari ikazunguka ukuta ikamfikia Bibi jikoni. Alimtuma Ami akaisogeze meza ya ukumbini iache nafasi ya kona. Twaha alimsaidia kuisogeza kwa adabu bila kujua ni ya nini. Baadaye Ami alipomuuliza walishushe friji saa ngapi, Twaha akaeleza kwamba ni la hoteli moja ya Bofa, limekuwa kwa fundi mwenzake huku Malindi kubadilishwa mota, na keshokutwa lazima lirudi. Meza ikarudishwa. Bibi alipoambiwa alisema tu, "Sikulitaka. Linguruma."

Jikoni ndiko kulikoharibika. Shangazi alipika haraka, moshi machoni, kitambaa kikimteleza kichwani, na chumvi aliitia kwa kukisia kwa sababu Bibi hakuruhusu ncha ya ulimi kugusa mchuzi siku ya saumu. Ami ndiye aliyekuwa halali kuonja. Akaonja akasema, "Kizuri." Lakini Ami aliwahi kutiliwa chumvi badala ya sukari kwenye chai na akamaliza kikombe, kwa hiyo neno lake halikumtuliza mtu. Bibi akanigeukia. "Onja wewe."

"Mimi nimefunga, Bibi."

"Onja, mwanangu," akasema polepole, na akasogea kati yangu na Ami ili Ami asinione. "Tangu juzi unaingia stoo na kutoka unanuka ndizi. Hakuna aliyekosa. Ungeniambia tu ningekuwekea chai."

Nikaonja uso ukiniwaka. Ilikuwa chumvi tupu. Ikafahamika kwamba Shangazi alitia chumvi yake, na Bibi, akipita, kwa mazoea ya mkono wake, alitia ya kwake. Hakukuwa na muda wa kulaumiana. Waliongeza mchele, waliongeza maji, walikuna nazi wakamimina tui, na kila walichoongeza kilipunguza chumvi na kuiondoa pilau kwenye upilau. Mwishowe sufuria ilijaa kitu kizito, chenye rangi ya udongo, ambacho mwiko ulisimama ndani yake peke yake. "Hii nini sasa?" nikauliza. "Ni chakula," Shangazi akasema, akakipakua.

Wanaume walikula kwenye baraza ya nje, nasi wanawake ndani, kuzunguka sinia moja. Bi Rukia alikitazama kwa heshima. "Maashallah. Na hiki huku mnakiitaje?" Bibi akafikiri. "Mseto wa Shela," akasema, na haukuwa uongo, kwa kuwa kilikuwa kimechanganyika na tulikuwa Shela. Kisha akasema yeye alichokula alfajiri bado kimemjaa, kwa hiyo wamsamehe. Bi Rukia naye akasema, kwa wepesi ambao ungepaswa kunishtua, kwamba hata yeye leo alikula mapema sana. Akawa anafinyanga tonge, analipeleka mbele ya Mwanahawa, anafinyanga jingine. Mwanahawa alikula kama mtu aliyekodiwa kulima shamba la watu watatu, jasho likimtoka, akisifu kila baada ya matonge kadhaa. Shangazi alikaa ameinamisha macho, kama ipasavyo mposwa, lakini mimi niliyekaa karibu naye nilijua anahesabu matonge.

Baada ya swala ya alasiri joto lilizidi. Bibi aliagiza madafu, akanituma nimpelekee Bi Rukia bilauri baada ya bilauri, na kila mara nilikuta mikono yake mitupu. Nilipovuta pazia kuingiza upepo ndipo nilipoziona: bilauri zote zimepangwa dirishani, zimejaa, hakuna iliyoguswa. Nikamwendea Bibi nikamnong'oneza. Alifikiri kidogo, akaenda kuketi mbele ya mgeni wake, goti kwa goti.

"Bi Rukia, nakuuliza, na kama ni siri yako na Mola wako usinijibu. Umefunga?"

Bi Rukia alilivuta buibui lake, akalilaza magotini. "Na wewe?"

Walitazamana. Bibi ndiye aliyeanza kucheka, kwa bega kwanza, bila sauti, kisha akalazimika kushika mguu wa kiti. Bi Rukia alicheka akifuta macho kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani. "Hawa wanangu wameswali Idd yao asubuhi," akasema. "Mimi nikawaambia huo mwezi wenu sikuuona. Lakini nikaona nikienda kwa watu na saumu siku ya Idd yao nitawavunjia karamu. Nikawakataza wasiseme."

"Na mimi nikasema mgeni amekuja na Idd yake, nitamnyima chakula?"

Mwanahawa, aliyekuwa amejilaza pembeni na mkono tumboni, aliinua kichwa. "Kwa hiyo nimekula peke yangu?"

Maghribi tulifuturu sote kwa tende zao na uji wa pilipili manga, na mwezi ulikuwa pale juu ya mabati ya jirani, hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. Ami alisema ni mkubwa mno, bila shaka ni wa jana. Kicheko kilikuwa kimefungua mambo, na Bibi na Bi Rukia wakaanza kusema ukweli. Bibi akasema Malindi pia kuna hoteli na kuna mafriji, fundi anaweza kuhamia. Bi Rukia akasema yeye naye ni mzee, na Mwanahawa anaolewa mwakani. Wakaendelea hivyo, kwa upole, kila mmoja akivuta upande wake, na Shangazi kati yao akimenya machungwa. Nilimwona akikiweka kisu chini.

"Mama," akasema, "mimi naenda Kilifi. Ukiugua nitakuja siku hiyo hiyo, na usipougua nitakuja vilevile. Lakini naenda."

Hakuinua sauti. Sijapata kusikia mtu akisema jambo kubwa kwa sauti ya kawaida vile, na mara kadhaa maishani, nilipolazimika kusema langu, nilijaribu kuiiga nikashindwa. Bibi aliomba chungwa. Akalila lote, akatema mbegu mkononi, akaenda kuswali Isha bila kusema ndiyo wala hapana. Wageni walilala kwetu, kwa kuwa Bi Rukia hakutaka Idd yake imkute njiani.

Asubuhi tulikula Idd ya pili: tambi, mahamri, nyama ya Mambrui iliyofika kwa wakati. Twaha, ambaye Idd yake ilikuwa ya jana, alikula hii kama hajawahi kuiona nyingine. Na ndivyo alivyokuwa miaka yote ya ndoa yao. Yeye akifungua kwa tangazo la kwanza, mkewe akingoja mwezi wa karibu, na watoto wao wakisherehekea zote mbili bila kuulizwa. Lakini asubuhi ile alikuwa bado hajajibiwa. Alipokwenda kuwasha gari alikuwa na uso wa mtu anayejizuia kuuliza. Shangazi alisimama mlangoni na sinia la mabaki ya kuwafungia wageni, nywele zimemalizika kusukwa.

Ndipo Bibi akatoka chumbani amevaa buibui na viatu vya kutokea, kikapu mkononi. Ami akamuuliza anakwenda wapi.

"Kilifi. Nakwenda kuitazama hiyo nyumba. Nitaona jiko, nitaona choo, nitajua. Na wewe usikaange kitu mpaka nirudi."

Mtu ambaye kwa miaka hakuvuka mtaa ila kwa mazishi alipanda pikapu kwa msaada wa mkono wa Twaha, akajipenyeza mbele karibu na Bi Rukia, na wakaanza kuongea kabla mlango haujafungwa. Mwanahawa alirudi nyuma kulikumbatia friji lake. Bibi alikaa huko mpaka shule zilipofunguliwa. Aliporudi alisema jiko lina moshi lakini watu ni wazuri, na ndoa ikafungwa kabla ya Idd kubwa. Mimi nilibaki naye Shela hadi nilipomaliza kidato cha nne, ingawa kusema kweli miezi mingi nilikuwa nyumbani na Ami tu, kwa sababu Bibi alikuwa Mnarani, kwa Bi Rukia.

Ila asubuhi ile hatukuyajua hayo. Gari lilikata kona, mkono wa Bibi ukipunga nje ya dirisha, na vumbi likatulia. Shangazi alilitazama sinia aliloshika, akaitazama njia, kisha akatugeukia mimi na Ami.

"Sasa hapa," akasema, "aliyeposwa ni nani?"